Somo la Afya: Mtoto wa Midomo ya Buluu

Leo tunajifunza juu ya damu ya mtoto aliyezaliwa na moyo wenye kasoro. Somo ni refu kidogo. Lisomeni polepole. Mkiwa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili.

MFANO

Tuanze na mfano. Mtoto huyu si wa kijiji fulani, lakini wengi wetu tumewahi kumwona mtoto wa namna yake.

Ana miaka 3. Mama yake anaosha mchanga wa dhahabu kwenye mwalo, huko Geita. Baba yake yumo duarani. Mtoto akikimbia na wenzake, hatua chache tu amechoka. Anachuchumaa, anahema, halafu anainuka tena. Midomo yake ina rangi ya buluu. Bibi yake husema, "Ni vumbi la karasha hilo."

Siku moja walimpima damu. Wakaambiwa damu yake ni nyingi, imefika 18. Wazazi wakafurahi. Walisema, "Mtoto mwenye damu nyingi hivi ataumwa nini?"

Ukaja mwezi wa Septemba. Jua kali, na maji ya kununua kwa ndoo. Mtoto akaanza kuharisha. Jirani akamwambia mama, "Usimpe maji mengi, utazidisha kuhara." Mama akamsikiliza. Siku ya pili jioni kinywa cha mtoto kilikuwa kikavu na alikuwa hakojoi. Asubuhi ya siku ya tatu mama akamwamsha. Mkono wa kulia umelegea. Mdomo umepinda upande mmoja. Watu wakajaa uani. Wengine wakasema, "Katupiwa kitu huyu."

Ndugu wasomaji, hakutupiwa kitu. Damu ilikuwa imeganda ndani ya kichwa chake. Sasa tujifunze ilikuwaje.

MOYO UNAVYOFANYA KAZI

Moyo una vyumba 4. Viwili viko kulia na viwili viko kushoto. Katikati kuna ukuta.

Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka, ambayo imekwisha tumia hewa yake. Unaisukuma kwenda kwenye mapafu. Huko inapata hewa safi na kuwa nyekundu sana. Kisha inarudi upande wa kushoto. Upande wa kushoto unaisukuma kwenda mwili mzima. Ukuta wa katikati unazuia damu safi na damu iliyochoka zisichanganyike.

Duniani, katika kila watoto 100 wanaozaliwa, karibu mtoto 1 ana kasoro ya moyo. Wengine wana tundu dogo ambalo linaziba lenyewe. Si kila mwenye tundu anakuwa wa buluu. Lakini wako wenye tundu kwenye ukuta, na tena njia ya kwenda kwenye mapafu ni nyembamba. Kasoro ya namna hiyo ijulikanayo sana inaitwa kasoro ya Fallot. Fallot alikuwa daktari Mfaransa. Aliieleza vizuri mwaka 1888.

Kwa mtoto huyo, damu iliyochoka inapata shida kupita kwenda kwenye mapafu. Basi inapenya tunduni, inaingia kushoto, na kwenda mwilini bila kupata hewa safi. Ndiyo sababu ya ile rangi ya buluu. Si vumbi, na si baridi.

KWA NINI DAMU INAKUWA NZITO

Tufikirie msimu wa pamba. Mikokoteni ya ng'ombe inapeleka pamba kwenye ghala la chama cha msingi. Damu nayo ina mikokoteni yake. Ni chembe ndogo sana zinazoitwa chembe nyekundu. Kazi yake ni kubeba hewa.

Kwa mtoto wa buluu, mikokoteni mingi inafika mwilini bila mzigo. Mwili unaona hewa haitoshi. Figo zinatuma habari ndani ya mifupa, mahali chembe nyekundu zinapotengenezwa: "Ongezeni mikokoteni!" Mifupa inatii. Lakini njia ya mapafuni ni ile ile nyembamba, na mikokoteni mipya nayo mingi inatoka bila mzigo. Mwili unaagiza tena, na tena.

Mwishowe barabara inajaa. Katika mafungu 10 ya damu ya mtoto mzima, karibu mafungu 4 ni chembe nyekundu, na yanayobaki ni karibu maji yote. Kwa mtoto wa buluu chembe zinaweza kufika mafungu 6 au kupita. Damu yake si kama uji mwepesi tena. Ni kama uji mzito. Inapita kwa shida katika mishipa midogo.

Sasa mtoto huyo akiharisha, akitapika, akiwa na homa au akishinda juani bila kunywa, maji yanapungua mwilini. Uji ule unazidi kuwa mzito. Mahali pembamba, hasa kwenye ubongo, damu inaweza kusimama na kuganda. Sehemu ya ubongo inakosa hewa. Mkono unalegea. Huo unaitwa kiharusi. Tumezoea kusema kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye presha. Lakini mtoto wa buluu naye anaweza kukipata, hasa akiwa bado mdogo, chini ya miaka 5.

Kuna jambo jingine. Mapafu ni chujio pia. Yanakamata mabonge madogo ya damu na vijidudu visipite. Kwa mtoto mwenye tundu, damu nyingine haipiti kwenye chujio hilo. Bonge dogo lililotoka mguuni linaweza kwenda moja kwa moja kichwani. Vijidudu vilevile vinaweza kwenda huko na kufanya jipu ndani ya ubongo.

DAMU NYINGI SI AFYA

Sasa tumeelewa kile kipimo cha 18. Kwa mtoto wa umri ule, damu ya kawaida ni kama 11 mpaka 13. Ikifika 18 au 20 kwa mtoto wa midomo ya buluu, si jambo la kushangilia. Ni mwili unaolilia hewa.

Tena mtoto wa buluu akipimwa na kuonekana ana 11 au 12, tusiseme yuko sawa. Kwake yeye hiyo inaweza kuwa ni pungufu. Huenda amekosa madini ya chuma katika chakula. Imeonekana kuwa watoto wa buluu waliopungukiwa madini ya chuma hupata kiharusi kwa urahisi zaidi. Basi dagaa, maini, nyama, maharage na mboga za majani visikose kwenye sahani yake. Chai ya rangi asinywe pamoja na chakula, kwa kuwa inazuia madini hayo yasiingie mwilini. Lakini dawa za kuongeza damu tusimnunulie dukani kwa kubahatisha. Daktari ndiye apime na kupanga.

Hapa kwetu Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye sikoseli. Tusichanganye magonjwa haya mawili. Mtoto wa sikoseli ana damu pungufu. Macho yake mara nyingi huwa ya manjano. Huyu wa moyo ana damu nyingi na midomo ya buluu. Wote wawili wanahitaji maji na hospitali, lakini matibabu yao ni mbali mbali.

INAGANDA NDANI, HAIGANDI KIDONDANI

Hapa ndugu wengi watauliza: "Kama damu yake inaganda upesi, basi akijikata itakoma upesi?" Hapana. Jambo hili ni la ajabu, lakini ni kweli. Damu ile ile inayoganda mahali pasipotakiwa, inashindwa kuganda mahali panapotakiwa.

Turudi kwenye mikokoteni. Barabara ikibomoka, mikokoteni haiwezi kuitengeneza. Wanatakiwa mafundi. Katika damu mafundi ni chembe nyingine zinazoitwa chembe sahani, pamoja na vitu vya kugandisha damu ambavyo vingi hutengenezwa kwenye ini. Kwa mtoto wa buluu mikokoteni imejaa, lakini mafundi mara nyingi ni wachache, na waliopo wamechoka. Ndiyo maana mtoto huyo anaweza kutoka damu puani au kwenye ufizi mara kwa mara. Akikatwa, damu inaweza kutoka muda mrefu.

Basi kwa mtoto huyu kuna hatari mbili, na tunazikumbuka kwa maneno mawili: MAJI na WEMBE. Maji yasikosekane. Wembe ukae mbali.

MAJI

1. Mtoto anywe maji safi mara kwa mara, hata kama hajaomba. Mama akienda mwaloni au shambani, achukue chupa ya mtoto. Mtoto asishinde juani mgongoni. Atafutiwe kivuli.

2. Akiharisha au kutapika, apewe maji ya ORS mara moja. Pakiti inakorogwa kwa kufuata maandishi yaliyo juu yake. Nyingi ni za lita 1 ya maji safi. Pakiti ikikosekana, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari.

3. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo mpaka nusu kikombe. Mwenye miaka 2 na kuendelea apewe nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngojeni dakika 10, halafu endeleeni polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya.

4. Wakati mnampa maji hayo, safari ya kituo cha afya ianze. Mtoto mwingine anaweza kuangaliwa nyumbani kidogo. Mtoto wa moyo hapana. Apelekwe siku hiyo hiyo.

5. Wako watoto wa moyo ambao daktari amewapangia kiasi cha maji. Hao wafuate kipimo cha daktari, na wakiharisha warudi kwake mapema.

6. Mkifika, mwambieni muuguzi kabla ya yote: "Mtoto huyu ana tundu la moyo, ni wa buluu." Akitundikiwa dripu, muuguzi atahakikisha mpira hauna mapovu ya hewa. Kwa mtoto huyu povu nalo linaweza kupita tunduni likaenda kichwani.

Mtoto alale ndani ya chandarua. Homa ya malaria inakausha maji ya mwili upesi.

WEMBE

Wazee wetu walitafuta dawa kwa vitu walivyokuwa navyo. Hatuwadharau. Lakini kwa mtoto wa midomo ya buluu, mambo haya yanaweza kumwua: kukatwa kimeo, kuchanjwa chale kifuani, kuumikwa kwa pembe ili kutoa damu, na kung'olewa yale yanayoitwa meno ya plastiki. Damu inaweza isikome. Tena kidonda kinafungulia vijidudu mlango.

Wengine watasema, "Kama damu ni nzito, si tumpunguze?" Hapana. Hata hospitalini madaktari hawapunguzi damu ya mtoto huyu hivi hivi. Ukitoa damu bila kurudisha maji, unamsogeza kwenye kiharusi. Tena unamwondolea madini ya chuma.

Tohara na kung'oa jino vifanyike hospitalini tu, baada ya daktari wa moyo kutoa ruhusa. Chanjo lakini asikose. Baada ya sindano, bonyezeni mahali pale kwa pamba safi dakika kama 5, bila kusugua. Damu ya puani nayo: mtoto akae, ainame kidogo mbele, na pua ibanwe kwa vidole dakika 10. Isipokoma, twendeni hospitali.

Na dawa je? Aspirini inazuia damu isigande. Kuna watoto wa moyo wanaopewa na daktari kila siku. Hao wasiache hata siku moja bila kuambiwa. Lakini mzazi asimnunulie mtoto aspirini dukani kwa sababu ya homa au kichwa. Dawa ile ile inayomsaidia mmoja inaweza kumtoa damu mwingine.

DALILI ZA KUTAZAMA

Sisi weusi rangi ya buluu haionekani vizuri kwenye ngozi. Tazameni ulimi, midomo, ufizi na kucha, mahali penye mwanga wa jua. Tazameni pia kama:

- mtoto mchanga anahema na kutoa jasho akinyonya;
- haongezeki uzito kwenye kadi ya kliniki;
- anachuchumaa kila akicheza;
- ncha za vidole zimevimba na kuwa za mviringo.

Wakati mwingine mtoto anakuwa wa buluu sana ghafla, analia na kuhema kwa nguvu. Msimrushe wala kumwagia maji. Mlazeni chali, mkunje magoti yake yafike kifuani, mmtulize, na safari ianze. Yule anayechuchumaa anafanya hivyo hivyo mwenyewe, bila kufundishwa. Kukunja miguu kunasaidia damu nyingi zaidi iende kwenye mapafu.

Kwa mtoto wa moyo, mambo haya hayangoji kesho: mkono au mguu kulegea, mdomo kupinda, kushindwa kusema, degedege, kuumwa kichwa sana pamoja na homa, au usingizi usio wa kawaida.

KASORO HII INATIBIKA

Zamani watu wengi duniani waliamini mtoto wa buluu ni wa kufa tu. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mtoto wa buluu alipasuliwa kwa njia mpya. Daktari Helen Taussig ndiye aliyetoa wazo kuwa watoto hawa waongezewe damu ya kwenda kwenye mapafu. Daktari Alfred Blalock alipasua. Walichukua mshipa unaopeleka damu mkononi wakauunga na mshipa wa mapafu. Nyuma ya Blalock alisimama mtu mweusi, Vivien Thomas, akimwelekeza. Thomas hakuwa daktari. Alimaliza shule ya sekondari tu. Lakini yeye ndiye aliyefanya majaribio ya kazi ile kwa mbwa mpaka akaijua. Njia yao iliwasaidia maelfu ya watoto baadaye. Mpaka leo, mtoto aliyeungwa mshipa hivyo mara nyingi hupewa aspirini ili kiungo kile kisizibwe na damu iliyoganda.

Siku hizi madaktari wanaweza kuziba tundu lenyewe na kupanua njia ya mapafu. Hapa Tanzania upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa nje, hasa India. Mwaka 2015 ilianza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hapo hapo Muhimbili. Madaktari wake pia hutembelea mikoa kupima watu.

Sisi wa Shinyanga, Kahama na Geita tunaanzia zahanati yetu. Hapo mwombeni mganga amtazame ulimi na kusikiliza moyo. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, kinaonyesha hewa iliyomo katika damu. Hakiumi. Kisha ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kutoka huko kwenda Bugando, Mwanza. Kama fedha hakuna, msirudi nyumbani kimya. Muulizeni afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Nauli ni tatizo, tunajua. Lakini mara ngapi tumeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ramli? Fedha hizo zingetufikisha Mwanza.

Yule mtoto wa mfano wetu hakukosa wazazi wenye upendo. Mama alimpenda. Ndiyo maana alimsikiliza jirani. Alichokosa ni habari. Kama angejua kuwa kikombe cha maji ndicho kingemlinda, angempa. Sisi tuliosoma somo hili sasa tunajua. Basi tumwambie jirani.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini damu ya mtoto wa buluu inakuwa nzito? Elezeni kwa mfano wa mikokoteni.
2. Jirani alisema mtoto anayeharisha asipewe maji. Mngemjibu nini?
3. Mtoto wa buluu amepimwa damu, imefika 19. Je, tufurahi? Kwa nini?
4. Tajeni mambo ya wembe yanayofanyika kijijini kwetu. Tutawaelezaje wazee kwa heshima?
5. Mwaloni kuna watoto wangapi wanaoshinda juani? Kikundi chetu kinaweza kufanya nini juu ya maji na kivuli?

MANENO YA KUKUMBUKA

Chembe nyekundu: sehemu ya damu inayobeba hewa.
Chembe sahani: sehemu ya damu inayosaidia kuziba kidonda.
Kuganda: damu kuacha kuwa maji na kuwa bonge.
Kiharusi: ubongo kukosa damu, mwili ukalegea upande mmoja.
Rufaa: kupelekwa kutoka hospitali ndogo kwenda kubwa.